Maswali 413 kwa Ukurasa Mmoja

Mwaka jana chama kimoja cha akina mama hapa Nairobi kilinipa kazi yangu ya kwanza ya maana tangu niachane na chuo. Walikuwa wanachama 412. Michango yao ilikuwa kwa kaunta buku, kalamu ya bluu kwa waliolipa, nyekundu kwa wenye madeni. Nikawaambia hiyo ni kazi ya wiki tatu. Nikakaa kitandani na laptopu, nikaunda mfumo, nikaujaribu na wanachama 10 wa kubuni. Ulikuwa moto, wasee. Unabonyeza, ukurasa unafunguka kabla hujapepesa macho.

Siku ya kuonyesha kazi, ukumbi umejaa, projekta imewashwa, majina yote 412 yako ndani. Nikabonyeza "Wanachama Wote". Kile kigurudumu kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Mtoto akaanza kulia huko nyuma. Mama mweka hazina akaniangalia juu ya miwani yake akauliza, "Kijana, hiyo mashine yako inafikiria nini?" Sekunde 38. Najua kwa sababu nilizihesabu, sikuwa na kingine cha kufanya.

Wakanipa chai na mandazi, wakanishukuru kwa heshima zote, wakarudi kwa kaunta buku zao.

Usiku huo sikulala. Nikawasha ile sehemu inayorekodi kila neno ambalo programu yangu inaiambia hifadhidata. Kwa kufungua ukurasa mmoja tu, ilikuwa imeuliza maswali 413. Na hifadhidata yenyewe ilikuwa kwa seva ya bei rahisi ng'ambo, kwa hivyo kila swali lilipanda ndege likarudi na jibu kabla linalofuata halijaondoka. Lakini mimi nilikuwa nimeandika mistari mitatu tu ya msimbo. Nani aliuliza hayo maswali mengine kwa jina langu?

Jibu lina herufi tatu: ORM. Ni mkalimani anayekaa kati ya programu yako na hifadhidata. Nilikuwa nimemtumia miaka miwili bila kujua anaitwa hivyo, na bila kujua kwamba aliajiriwa kwa sababu ya ugomvi ulioanza kabla wazazi wangu hawajakutana. Nimeusoma huo ugomvi wiki nyingi sasa, na wacha nikusimulie, maana hakuna aliyenisimulia mimi. (Sawa, pengine walifundisha baada ya mimi kutoka.)

Anza na Edgar Codd. Mwingereza, rubani wa vita katika Vita vya Pili vya Dunia, halafu mtu wa hisabati pale IBM, San Jose, California. Enzi hizo data iliwekwa kama mti. IBM ilikuwa na mfumo unaoitwa IMS, uliozaliwa kwenye mradi wa Apollo wa kupeleka watu mwezini. Kazi yake ilikuwa kufuatilia vipuri vya roketi: roketi ina sehemu, sehemu ina vipande, kipande kina skurubu. Ukitaka skurubu unashuka kutoka juu, tawi kwa tawi. Wengine walitumia mfumo wa Charles Bachman wa General Electric, ambapo rekodi zimeunganishwa kama barabara za mtaa. Bachman alipopokea Tuzo ya Turing mwaka 1973, hotuba yake ilimwita mwanaprogramu baharia, mtu wa kuongoza chombo kutoka rekodi moja hadi nyingine. Picha tamu. Shida ni kwamba siku mtu akihamisha barabara, kila programu iliyokuwa ikipitia hapo inapotea njia.

Juni 1970 Codd akachapisha makala akisema, kwa ufupi: acheni barabara. Wekeni kila kitu kwenye majedwali. Jedwali la watu, jedwali la malipo, na kinachoyaunganisha ni thamani iliyo ndani yenyewe, kama namba ya mtu. Anayeuliza aseme anataka nini. Jinsi ya kukipata ni shauri la mashine.

Niliposoma hiyo nikakumbuka kaunta buku za wale akina mama. Moja ilikuwa na majina, simu na namba ya kila mwanachama. Ya pili ilikuwa ya michango, na hakuna jina ndani yake, ni tarehe, namba na pesa. Mama mweka hazina alikuwa akifanya Codd bila kumsoma Codd.

IBM hawakukimbilia wazo la mtu wao wenyewe, kwani IMS ilikuwa inawaletea pesa. Lakini mwaka 1974 wafanyakazi wao wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatoa lugha ya kuuliza majedwali, wakaiita SEQUEL. Jina lilikuwa tayari la kampuni moja ya ndege ya Uingereza, ndiyo maana leo tunaandika SQL. Na hapa kuna jambo ambalo lilinishangaza: makala yao inasema lugha hii ni ya wanaprogramu na pia ya watu wasio wanaprogramu. Wanataja wahasibu, wahandisi, wasanifu wa majengo, wapangaji wa miji. Ilikusudiwa mtu wa ofisi aketi aulize mwenyewe. Boyce alifariki mwaka huohuo, mshipa wa ubongo, hajafika hata miaka 30. Hakuona dunia nzima ikiongea lugha yake.

Aliyeona pesa ndani yake ni Larry Ellison, aliyeacha chuo mara mbili. Alisoma makala za IBM, mwaka 1977 akaanzisha kampuni na wenzake wawili, na mwaka 1979 wakauza Oracle toleo la 2. Toleo la 1 halikuwahi kuuzwa. Aliona hakuna atakayenunua kitu kinachoitwa cha kwanza. Mwaka 2012 alinunua karibu kisiwa kizima cha Lanai huko Hawaii. Mimi pia niliacha chuo, lakini mara moja tu, pengine ndipo nilipokosea.

Huo ni upande mmoja wa ugomvi. Upande wa pili ulizaliwa Oslo, Norway.

Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl walitaka kuiga mambo ya dunia ndani ya kompyuta: foleni, meli bandarini, viwanda. Wakaunda lugha ya Simula, na toleo lake la mwaka 1967 ndilo lililoleta kitu tunachokiita leo objekti. Objekti ni kama mtu mdogo ndani ya programu. Anabeba taarifa zake na anajua kufanya kazi zake. Meli inajua uzito wake na inajua kutia nanga. Alan Kay na wenzake wa Xerox PARC wakalichukua wazo hilo wakaunda Smalltalk, Stroustrup akalipeleka kwenye C++, na Java ilipotoka mwaka 1995 kila kampuni ilikuwa inataka objekti.

Sasa ona shida. Ndani ya programu yangu kuna objekti inayoitwa Mwanachama. Ina jina, ina simu, na ina mfuko wenye michango yake yote. Naishika mkononi, nageuza, natoa. Lakini jedwali la Codd halina mifuko. Mwanachama yuko mstari mmoja hapa, michango yake iko mistari 60 kule, na hakuna chochote kwenye mstari wake kinachosema ameshika michango. Mchango ndio unaomtaja. Mshale umegeuka nyuma mbele.

Halafu kuna ukoo. Kwenye objekti naweza kusema Mweka Hazina ni Mwanachama aliyeongezewa funguo za kabati. Kwenye majedwali utafanyaje? Jedwali moja lenye nafasi nyingi tupu? Mawili yaliyofungwa pamoja? Kila njia ina machungu yake, na watu wazima wenye mishahara mikubwa wamebishana kuhusu hilo mpaka wakakosana.

Kuna waliosema tupa majedwali kabisa. Mwisho wa miaka ya 1980 zikaja hifadhidata za objekti, kina GemStone na ObjectStore, unahifadhi objekti kama ilivyo. Zilipata wateja lakini hazikuiangusha SQL, na mimi naona sababu ni ileile ya chama. Programu huja na kuondoka, data hubaki. Mwaka huu mwanachuo ameandika mfumo, mwaka ujao mkaguzi anataka ripoti, mwaka wa tatu kuna apu ya simu. Wote wanataka data ileile kwa sura tofauti. Jedwali halijali nani anauliza. Objekti imeshonwa kwa mwili wa programu moja.

Basi wakaajiri mkalimani. Kampuni ndogo ya Ottawa, Canada, iliyoitwa The Object People, ikauza TopLink miaka ya 1990, kwanza ya Smalltalk, baadaye ya Java. Kampuni ya NeXT ya Steve Jobs ilikuwa na ya kwake kufikia 1994. Zilikuwa za kununua, na za wakubwa. Upande wa Java kulikuwa na njia rasmi pia, lakini ilikuwa nzito kama kuvaa koti la baridi Mombasa. Mwaka 2001 kijana wa Australia, Gavin King, akachoka nayo akaandika Hibernate, akaitoa bure. Ilipendwa mpaka njia rasmi yenyewe ikaandikwa upya kumfuata, ikatoka mwaka 2006.

Baada ya hapo ni mafuriko. Mwaka 2004 Mdenmaki David Heinemeier Hansson akatoa Rails, na ndani yake Active Record, jina alilolitoa kwenye kitabu cha Martin Fowler cha 2002. Mwaka 2005 ikatoka Django, iliyotengenezwa ndani ya gazeti la mji mdogo wa Lawrence, Kansas, kwa sababu wahariri wanataka ukurasa leo mchana, si mwezi ujao. Mwaka 2006 Mike Bayer akatoa SQLAlchemy, yeye akikataa katakata kuificha SQL. Mwaka 2011 Taylor Otwell akatoa Laravel, ambayo madeve wengi ninaowajua Nairobi wanalipia kodi ya nyumba kwayo.

Na mkalimani anafanya kazi, nisidanganye. Unaandika klasi ya Mwanachama, yeye anajua kuna jedwali la wanachama. Unasema nipe wa Kayole, yeye anaandika:

SELECT * FROM wanachama WHERE mtaa = 'Kayole'

Majibu yakirudi anageuza kila mstari kuwa objekti. Ukibadilisha namba ya simu na kusema hifadhi, anajua ni safu gani ya kusahihisha. Tena anakukinga na wezi: ukimtumia kama inavyotakiwa, mtu akiandika amri ya SQL pale kwa nafasi ya jina, anaichukua kama jina la ajabu tu, haitekelezwi. Bila yeye nisingemaliza ule mfumo kwa wiki tatu. Nisingemaliza hata kwa tatu nyingine.

Kama unafikiri hii ni hadithi ya wazungu na kampuni zao, njoo Eldoret. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani, ulikuwa ukitibu wagonjwa wa VVU, na idadi ikapanda kuliko karatasi. Walikuwa wameanza na mfumo mdogo wa Microsoft Access kule kituo cha afya cha Mosoriot. Ukazidiwa. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, wakaanza OpenMRS, na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret, baadaye mwaka huohuo ukafika Rwanda. Umeandikwa kwa Java. Mkalimani wake ni Hibernate ya yule Gavin King.

Ukifungua msimbo wake, uko wazi kwa kila mtu, utakuta ule ukoo niliosema. Mgonjwa ni Mtu aliyeongezewa mambo. Chini kuna majedwali mawili, la watu na la wagonjwa, yamefungwa kwa namba moja. Nesi akifungua faili anaona mgonjwa mmoja. Mkalimani ndiye aliyeshona nusu mbili. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa katika vituo vingi vya afya hapa kwetu, umejengwa juu ya huohuo.

Na hii sasa ndiyo ilinifanya nisimame nitembee chumbani. Mwaka 2011 Kenya iliingiza takwimu zake za afya za nchi nzima kwenye DHIS2, mtandaoni. Java tena, Hibernate tena. Inatengenezwa wapi? Chuo Kikuu cha Oslo, ambako Nygaard na Dahl walikuwa maprofesa. Objekti zilitoka Oslo mwaka 1967, na miaka 44 baadaye karani wa zahanati ya Turkana anahesabu chanjo za watoto kwa programu ya Oslo, na katikati amesimama mkalimani akiongea na majedwali ya Codd. Huo mduara hakuna aliyeupanga.

Turudi kwa machungu. Mwaka 2006, wakati kila mtu anashangilia, Mmarekani Ted Neward akaandika kwamba ORM ni Vietnam ya sayansi ya kompyuta. Alimaanisha hivi: unaingia kwa urahisi, siku za kwanza unashinda, halafu kila hatua inakudai hatua nyingine, na ukija kutaka kutoka, umeshazama sana. Wengi walimkasirikia. Mimi nilikuwa nimeketi mbele ya akina mama 400, kwa hivyo nilimwelewa.

Mwezi Machi 2012 ikaja aibu ya wazi zaidi. Active Record ya Rails ilikuwa na tabia ya ukarimu kupita kiasi. Fomu ikituma sehemu kumi, yeye anazijaza zote kumi kwenye rekodi, hata zile ambazo mtumiaji hakupaswa kuzigusa, isipokuwa umemkataza. Kijana wa Urusi, Egor Homakov, aliwaonya watu wa Rails. Wakamwambia hilo ni jukumu la anayeandika programu. Basi akaingia GitHub, ambayo yenyewe ilijengwa kwa Rails, akajiongezea funguo za mradi wa Rails wenyewe na kuweka faili ndani. Tena akafungua lalamiko lenye tarehe ya miaka 1001 mbele. GitHub wakamfungia akaunti, halafu wakamrudishia. Toleo lililofuata la Rails likabadilisha tabia hiyo.

Angalia kwamba mkalimani hakudanganya hapo. Alifanya alichoambiwa, na ambacho hakukatazwa. Ndivyo ilivyokuwa kwangu pia.

Mistari yangu mitatu ilisema: chukua wanachama wote, kwa kila mmoja, onyesha jumla ya michango yake. Kwa lugha ya objekti hiyo ni sentensi safi kabisa. Mkalimani akauliza swali la kwanza, akaleta wanachama 412. Michango hakuileta, sikuwa nimeiomba bado, na kubeba mzigo usioombwa nao ungekuwa ujinga. Nikamgusa mwanachama wa kwanza nikaomba mfuko wake. Akaenda akauliza. Wa pili, akaenda akauliza. Mara 412. Jumlisha lile la kwanza. Wenye kazi wanaliita tatizo la N+1, ni la zamani kama Hibernate na zaidi, na liko kwenye mafunzo ya kila kifaa, sehemu ile ambayo mimi niliiruka kwa sababu video ilikuwa ndefu. Na wanachama wangu 10 wa kubuni? Maswali 11, tena hifadhidata ikiwa kwa laptopu hiyohiyo. Nani angeona?

Dawa ilikuwa neno moja. Unamwambia mkalimani mapema: ukienda kuleta wanachama, njoo na michango yao. Maswali 413 yakawa 2. Nilijaribu kwa data ya kweli, seva ileile ya ng'ambo, ukafunguka kabla ya sekunde kuisha. Niliangalia hiyo skrini nikasikia uchungu, si furaha. Neno moja, manze.

Kuna wasee mtandaoni wanasema tupa ORM, andika SQL kama mwanaume. Hao hawajawahi kuandika fomu 30 zenye sehemu 20 kila moja. Kuna wengine wanasema SQL ni ya wazee, sasa hata akili unde inakuandikia. Hao nawaombea ukumbi wenye akina mama 412. Mimi siku hizi naacha lile dirisha la kurekodi maswali likiwa wazi kando ya skrini kila ninapoandika, kama dereva anavyotazama kioo. Nikiona linateremka kama mvua, nasimama.

Baada ya mwezi hivi nilijikaza nikampigia mama mweka hazina. Akaniambia nije nyumbani kwake Jumapili, baada ya ibada, bila projekta. Nikafungua ukurasa wa wanachama, ukatokea. Hakusema kitu. Akamimina chai, akauliza, "Inaweza kuniambia nani hajaleta mchango hata mmoja tangu Machi?"

Nikafikiria kumuuliza mkalimani. Kwa jinsi nilivyozoea kumtumia, angebeba wanachama wote na mifuko yao yote ili nikague mmoja mmoja. Nikafungua dirisha lingine nikaandika SQL kwa mkono, mistari sita: nipe wanachama ambao hawana mstari kwenye michango baada ya tarehe hiyo. Yeye alisogeza kiti akawa anasoma juu ya bega langu, na akauliza kwa nini nimeandika namba ya mwanachama mara mbili. Nikamwonyesha: moja ni ya kitabu cha majina, nyingine ni ya kitabu cha michango. Akatikisa kichwa, hiyo alikuwa anaijua.

Majina 37 yakatoka. Aliyasoma yote polepole, kidole kwenye skrini.

"Huyu wa tano ni dada yangu," akasema. Akanywa chai kidogo. "Usimtoe."